Aliyejaza Tangi

Mlionisimamisha sokoni kuniuliza kama gari liliwaka asubuhi ile, jibu ni ndiyo. Liliwaka mara moja. Afadhali lisingewaka.

Kwa anayenikuta leo kwenye gazeti hili kwa mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi. Jina langu ni Wakoli. Nilikuwa karani wa stoo hapa Kisumu kwa miaka kumi na saba, hadi 1993 nilipopunguzwa kazi. Kiinua mgongo changu nilimpelekea Abeid, muuza magari kuukuu, naye akanipa Pijo ya dizeli, ile ndefu ya familia yenye safu tatu za viti. Aliniapia kwamba lilikuwa gari la padri. Miezi miwili baadaye, nilipong'oa zulia, nilikuta mchanga wa mto unaotosha kujenga choo.

Nimeshasimulia jinsi lilivyochemka likanilaza Sondu. Nimesimulia mafundi walivyonimaliza, mpaka nikanunua kitabu cha ufundi cha mitumba na kuisoma injini ile ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayesomea ubatizo. Na nimesimulia jinsi shemeji yangu Obiero, ndugu wa mke wangu Dorca, alivyolichukua bila ruhusa, akalijaza omena, wale dagaa wa ziwani, akaliendesha hadi dizeli ikaisha kabisa. Tangu siku hiyo tangi langu lina kifuniko cha kufuli. Funguo ni mbili. Mmoja ninao mimi, wa pili anao Dorca.

Wiki jana niliishia Usenge, nyumbani kwa wakwe. Mama mkwe wangu, Mama Agneta, alikuwa na siku ya tatu tumbo limevimba na hakitoki kitu. Sista wa zahanati alimpapasa, akaandika barua, akaikunja, akanipa mkononi.

"Apasuliwe Kisumu," aliniambia. "Leo. Si kesho."

Basi kazi yangu ilikuwa hiyo moja tu: kumfikisha Kisumu siku ile, akiwa hai.

Mimi ni Mbukusu wa Kimilili. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Wajaluo nao wana heshima yao, si mbali sana na hiyo. Kwa hiyo mimi na Mama Agneta tulikuwa tumepatana vizuri sana kwa miaka kumi na mmoja. Hatukuwahi kusemezana.

Sasa mtu huyo ndiye niliyetakiwa kumpakia garini kwangu. Akakataa.

Habari aliniletea Obiero, kwa jirani nilikokuwa nimekaa, maana mimi sikai ndani ya boma la wakwe; gari nililiacha langoni mwao.

"Shemeji, mama anasema hawezi kubebwa bure na mwanaume ameoa binti yake. Anasema Usenge yote itacheka."

"Mwambie tumbo lake halichekeshi."

"Nimemwambia. Amenirushia kikombe."

"Kilikuwa na chai?"

"Uji." Akanionyesha shati.

Tukakaa. Obiero alimaliza chai ya jirani, akamaliza na viazi vya jirani. Saa mbili nzima tulikaa pale, yeye akinisimulia boti ya nani imezama na nani ameibiwa nyavu, mimi nikitazama saa na kuhesabu kilomita. Ndipo Dorca akaniita kutoka kwenye ua, kwa jina la binti yetu.

"Baba Selpha! Amekubali! Njooni kabla hajageuka!"

Nilipaswa kuuliza: amekubali kwa nini? Saa mbili zilizopita alikuwa akirusha vikombe. Sikuuliza. Nilishukuru Mungu, nikawasha hita ya kupasha injini, nikangoja taa izime, nikapiga stata. Injini ikaitika.

Mama Agneta ni mwanamke mkubwa wa mwili, lakini Obiero amevuta nyavu tangu utotoni. Alimbeba mikononi, akamlaza safu ya nyuma kabisa, mbali nami kadiri gari lilivyoruhusu. Dorca akaketi naye. Obiero akaja mbele. Mimi nikatazama barabara tu, hata kioo cha katikati nikakigeuzia juu, ili macho yangu yasimkute mama.

Kilomita nne tulikwenda vizuri. Ya tano injini ikaanza kugonga kama mtu anayepigilia msumari kwenye bati.

"Shemeji, hii gari inakohoa," Obiero akasema.

"Nasikia."

"Kama mtu wa TB."

"Obiero, nimesema nasikia."

Kabla ya Nyamonye nguvu zikaisha. Moshi mweupe ulitoka nyuma, mwingi, mpaka mwendesha baiskeli mmoja akashuka akasimama kando. Nikalisukuma gari kwa ile nguvu iliyobaki hadi mbele ya duka lililofungwa, nikalizima.

Nilifungua boneti. Nilifungua ile skrubu ndogo ya chini ya filta, nikakinga matone kiganjani. Nikanusa.

Petroli.

Nikasugua vidole. Haikuwa petroli tupu. Iliteleza, na ilikuwa na rangi ya buluu kwa mbali. Ilichanganywa na oili. Watu wa ziwani mnajua hiyo ni nini. Ni mafuta ya injini za boti, yanayouzwa ufukweni kwa mitungi. Boti huyapenda. Dizeli yangu kuyanywa ni sawa na mtu kupewa asidi ya betri akiomba maji.

Mimi si mtu wa kuhukumu haraka. Stoo ilinifundisha: kitu kikipotea, tafuta kwanza, uliza pili, jina la mtu litaje mwisho. Siku ile nilianza na jina.

"Obiero."

"Naam, shemeji."

"Njoo unuse."

Akaja, akanusa kiganja changu. Uso wake ulibadilika. Naapa niliuona ukibadilika, na nikausoma vibaya.

"Hii ni ya boti," akasema.

"Na hapa ni nani anafanya kazi ya boti?"

"Mimi."

"Ni nani alichukua gari langu akabebea samaki bila kuniambia?"

"Lakini hiyo ni mambo ya zamani, shemeji."

"Ni nani alitia petroli kwa tangi yangu?"

Obiero akageuka. Akamtazama dada yake kupitia dirisha la nyuma. Dorca alikuwa amemkumbatia mama yao, macho yake yako chini. Kisha Obiero akanigeukia.

"Ni mimi," akasema.

Sauti yangu haipandi nikikasirika. Hushuka. Mke wangu husema ni afadhali ningepiga kelele kama wanaume wengine, kwa sababu kelele husikika nusu, lakini maneno yangu husikika yote.

Nikasema yote.

"Kuku ana akili kuliko mtu aliyefanya hii. Kuku hunusa kabla ya kudonoa. Mtu amefunguliwa tangi na hajui hata kuuliza gari inakunywa nini. Huyu alizaliwa akalelewa au alizaliwa akaachwa? Kama mama atakufa hapa kwa barabara, asitafutwe mchawi. Mchawi ni aliyejaza hii tangi."

"Maliza, shemeji," Obiero akasema polepole.

"Sijamaliza. Aliyejaza hii tangi asiingie gari yangu tena. Si leo, si kesho. Hata kama anakufa."

Kutoka safu ya nyuma kulikuja mguno. Nikadhani ni tumbo.

Obiero alikuwa na mikono ambayo ingeweza kunivunja kama kijiti, na aliiweka mfukoni. Jambo hilo lilinikasirisha zaidi. Nilitaka anipige ili nipate haki ya kukasirika vile nilivyokasirika.

Wakati huo lori la samaki likatokea upande wa Bondo, tupu, lina barafu tu, linakwenda Usenge kupakia. Nikasimama katikati ya barabara. Dereva akachungulia.

"Wewe, unataka kufa kwa jina la nani?"

"Nina mgonjwa. Nataka dizeli."

Akanitazama vizuri, akasikia lafudhi yangu, akacheka. Alikuwa Waliaula, Mbukusu mwenzangu wa Webuye.

"Mbukusu huku kwa maji unatafuta nini? Ng'ombe wanaogelea?"

"Nilioa huku."

"Pole." Akashuka na mpira na mtungi. "Lita ishirini, zaidi ya hapo mwenye lori atanichinja. Nani alikutilia petroli?"

"Shemeji yangu."

Waliaula akamwangalia Obiero, akaniangalia mimi, akaanza kunyonya dizeli kwa mpira. Hata malipo alikataa. Mtungi ulipojaa, nikamwambia Obiero, kwa sauti ile ile ya chini:

"Panda lori. Rudi kwenu. Mama yako nitamfikisha mimi."

"Shemeji, wacha nisaidie tu kutoa hiyo petroli. Halafu nitatembea."

"Panda."

"Mama ni mzito. Huko hospitali nani atamshusha?"

"Kuna machela. Panda."

Akapanda juu ya barafu. Lori lilipoondoka alikuwa bado anatutazama, amesimama, anatikiswa kama gunia. Nikahisi nimefanya kazi ya maana. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza ninayoiweka hapa gazetini.

Kisha nikaingia kazini.

Harufu ya petroli ilimtapisha Mama Agneta, kwa hiyo Dorca alimsaidia kushuka, hatua kwa hatua, wakaketi kwenye baraza la lile duka lililofungwa, hatua kumi hivi kutoka kwangu. Nilimpa mama mgongo, kama inavyofaa. Nikalala chini ya gari na spana.

Kuna boliti chini ya tangi. Niliilegeza, na ule mto wa buluu ukaanza kumwagika. Ningeweza kukinga. Nilikuwa na debe tupu na beseni nyuma ya gari, na petroli ni mali. Mtu wa boti angeichukua kwa furaha. Sikukinga. Niliiacha imwagike kwenye murram ya barabara, na nikaitazama ikinywewa na vumbi, na kila tone nilikuwa nikiona uso wa Obiero. Dakika ishirini nzima. Nikapiga tangi kwa ngumi ili litoe hata matone ya mwisho.

"Nenda," nilikuwa nikisema. "Nenda, takataka wewe."

Nilidhani ninasema peke yangu.

Nikafunga boliti. Nikatoa filta, nikaisuuza kwa dizeli, nikairudisha. Nikamimina lita kumi na nane, nikaacha mbili za akiba. Kisha nikaanza kutoa hewa kwenye mirija, kwa ile pampu ndogo ya mkono. Hii ni kazi ya subira. Unapiga pampu, unalegeza nati, mapovu yanatoka, unakaza, unaanza tena. Kidole gumba changu kilitoka lengelenge, likapasuka. Jua lilikuwa limepita utosini.

Hita. Taa. Stata. Hakuna.

Nikatoa hewa tena, nati ya pili, nati ya tatu, ya nne.

Hita. Taa. Stata. Injini ikapiga chafya, ikatikisika, ikashika. Ikasimama ikiunguruma, inagonga kidogo, lakini inaunguruma. Enyi mliowahi kumiliki dizeli kuukuu, mnajua furaha hiyo. Nilikaribia kulia.

"Dorca! Mlete mama!"

Dorca akaja. Peke yake.

"Mama anasema hapandi."

"Tumbo limezidi?"

"Anasema umemkataza."

"Mimi? Nimemkataza lini? Mimi naongea na mama?"

"Umesema aliyejaza tangi asiingie gari yako. Hata kama anakufa." Dorca alikuwa akinitazama moja kwa moja, jambo ambalo hafanyi mara nyingi. "Anasema amesikia vizuri, na yeye si mtu wa kubishana na mkwe."

Nilisimama na spana mkononi. Injini ilikuwa inaunguruma. Niliyachukua maneno yake moja moja nikayapanga.

"Obiero ndiye alijaza."

"Obiero alikuwa na wewe kwa jirani saa mbili yote, anakula viazi. Alijaza saa ngapi?"

Ni kweli. Nilikuwa naye. Nilikuwa nimehesabu hata viazi.

"Basi ni nani alimimina?"

"Zeituni, yule anauzia watu wa boti mafuta. Mama alimtumia pesa yake ya omena, yote, akamwambia alete mafuta ya injini. Akaleta mitungi mbili kwa mkokoteni."

"Na kifuniko?"

"Nilifungua mimi. Si nina ufunguo?"

Nikamsogelea hatua moja.

"Kwa nini, Dorca?"

"Kwa sababu alikuwa amekataa kupanda! Ulimsikia. Hawezi kubebwa bure na mkwe. Tukaongea, tukaongea, mpaka yeye mwenyewe akasema: nikipanda na mafuta yangu, sijabebwa. Nimesafiri. Hapo ndio akakubali. Tena akasema usiambiwe, mtu hatangazi zawadi kwa mkwe, atakuta tangi limejaa afurahi."

"Hiyo ni petroli, Dorca. Ya boti!"

"Sasa najua."

"Ulikuwa hujui?"

"Uliniambia lini?" Sasa ni yeye aliyekuwa amekasirika, na sauti yake hupanda. "Miaka miwili hii gari iko kwa nyumba yangu. Ukienda kutia mafuta unashuka peke yako. Ukifungua boneti unaniambia nisiguse. Kitabu chako umeweka juu ya kabati kama Biblia ya maskofu. Uliniambia lini hii kitu inakunywa nini? Baba yangu alikuwa na boti. Kwetu mafuta ya injini ni moja!"

Nilijua kila nati ya gari lile kwa namba yake, na sikuwahi kumwambia mke wangu jambo la kwanza kabisa ambalo mtu huambiwa.

"Na Obiero? Kwa nini alisema ni yeye?"

"Aliniangalia akajua. Ulitaka aseme nini? Aseme ni mama, na mama ako hapo nyuma anasikia vile umemwita kuku?"

"Na wewe ukanyamaza nikimfukuza."

"Ningesema ungemtukana mama kwa jina lake. Wewe ukianza huwa humalizi."

Niliibana spana ile mkononi. Nilitaka kuitupa ziwani, lakini ziwa lilikuwa mbali. Hasira yangu ilikuwa nzima bado, ya moto bado, na haikuwa na mtu wa kumwangukia isipokuwa mimi. Hasira ya namna hiyo ni mbaya kuliko zote.

Nikasogea barazani hadi hatua tano. Nikageuza uso upande.

"Dorca, mwambie mama nimekosa. Sikujua."

Mama Agneta akamjibu Dorca, kwa Kiswahili, ili nisikie. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini maneno yalikuwa yamenyooka.

"Mwambie bwana yako hajanikosea. Gari ni yake na neno ni lake."

"Mwambie nilisema kwa hasira. Nimelirudisha neno."

"Mwambie na yale mafuta ayarudishe. Yangu ameyamwaga chini, nimeyaona yakiingia kwa mchanga. Ameyaita takataka. Sasa mimi nitapanda na nini?"

"Mwambie mafuta yaliyomo sasa ni yake. Nimempa."

"Mwambie hayo ni ya dereva wa lori."

Angekuwa wakili huyu mama, leo angekuwa jaji.

Wakati huo walipita wanawake wawili wenye mabeseni ya omena, wanakwenda soko la Nyamonye. Wakamjua. Wakaweka mabeseni chini, wakaongea naye kwa Kijaluo. Nilikuwa nikielewa nusu. Nusu hiyo ilitosha.

"Yawa!" mmoja akashangaa, akigeuka kunitazama. "Alimwaga? Mbele yake?"

"Mama zangu," nikawaambia, "huyu ni mgonjwa wa kupasuliwa. Sista amesema leo. Nisaidieni tumwingize garini. Mnishtaki baadaye."

"Bwana, yeye amekataa kwa mdomo wake mwenyewe," yule wa pili akajibu. "Unataka tumvute kama ng'ombe wa mnada? Hata mimi singepanda."

"Atakufa!"

"Basi ungefikiria hiyo wakati ulikuwa unamwaga."

Na wakakaa chini, wote wawili, mmoja kila upande wake, kama watu waliokuja kwenye matanga mapema.

Barua ya sista ilikuwa mfukoni mwangu imelowa petroli. Jua lilikuwa likishuka upande wa ziwa. Nilikuwa nimepiga hesabu: tukiondoka sasa hivi, tutamkuta daktari. Tukikaa nusu saa, sijui.

Nusu saa haikufika. Mama Agneta alijikunja ghafla, kama mtu aliyepigwa na mpini wa jembe. Akatapika, na kilichotoka kilikuwa cheusi. Kitambaa cha kichwani kikamwanguka. Wale wanawake wakasimama wakipiga mayowe. Dorca akapitisha mikono makwapani mwa mama yake, akavuta, akaanguka naye. Akavuta tena. Dorca ni mwembamba. Mama yake hakusogea hata shubiri.

"Shikeni miguu!" Dorca akawalilia.

"Amekataa, Dorca. Mtu mzima akikataa akiwa na akili zake, sisi tutamshika vipi? Tumngoje mwanawe."

Mwanawe. Mikono ile iliyovuta nyavu. Ilikuwa juu ya barafu, Usenge, kwa amri yangu.

Dorca akaniangalia. Uso wake ulikuwa na vumbi na machozi na matapishi ya mama yake.

"Baba Selpha. Mbebe."

"Dorca..."

"Mbebe, nimesema!"

"Una wazimu?" mmoja wa wale wanawake akafoka. "Mkwe? Ambebe mama mkwe? Kwa barabara?"

Nataka mnielewe. Kwetu mtu akifanya hivyo kuna mbuzi wa kuchinjwa na wazee wa kuitwa, na hata baada ya mbuzi watu husahau polepole. Kwao Dorca nilijua ni vibaya vile vile, au zaidi. Sikuwa nimewahi kumtazama usoni mama yule. Rangi ya macho yake sikuijua.

Nilivua shati lililolowa petroli nikalitupa. Nikatembea zile hatua tano. Nikapiga magoti, nikapitisha mkono mmoja mgongoni pake na mwingine chini ya magoti yake, nikainuka naye.

Wale wanawake walifunika nyuso kwa leso zao, wakageukia ukuta wa duka. Mmoja alikuwa anaita jina la Mungu: Nyasaye, Nyasaye.

Alikuwa mzito, na alikuwa na joto kama jiko. Kichwa chake kilikuwa begani mwangu. Dorca alikimbia mbele akafungua mlango. Hatua kumi. Nilizihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Mgongo wangu wa ukarani ulikuwa unapasuka. Nne. Tano. Nilisema moyoni kwamba limekwisha, baya limeshafanyika, na angalau litakuwa limefanyika kwa faida. Sita.

Injini ikakohoa.

Nikasimama.

Ikakohoa mara ya pili, ikatetemeka kutoka boneti hadi bamba la nyuma, ikazima. Hewa ilikuwa imebaki mahali fulani kwenye mirija, mahali ambapo sikukaza au sikulegeza, mimi fundi wa kitabu. Nilisikia hata omena zikikauka kwenye mabeseni.

Na hapo, mikononi mwangu, Mama Agneta akafungua macho. Ni ya kahawia. Akanitazama kwa karibu sana, bila hasira, kama mtu anayesoma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuniambia neno. La kwanza lilikuwa hili:

"Na sasa, Wakoli, utaniweka wapi?"